Asidi Katika Mchuzi wa Mtukufu

Iko nchi moja, na usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani zake zote zilikusanywa mwaka juzi ili zikaguliwe kama mipaka imechorwa kwa heshima inayostahili, na hadi leo hazijarudi. Nchi yenyewe ina amani. Tunajua ina amani kwa sababu redio ya taifa inasema hivyo kila Jumatatu, na mtu wa mwisho kuuliza swali juu ya jambo hilo naye amepata amani, huko aliko.

Katika nchi hiyo, Jumanne ya Sikukuu ya Kumshukuru Mtukufu, Mtukufu mwenyewe alikula sahani kumi na moja za wali kwa mchuzi wa mbuzi wa nazi, akasimama kuhutubia taifa, akafika kwenye neno “maendeleo”, akashika tumbo. Wananchi waliojaa uwanjani wakashika matumbo yao pia, kwa mshikamano. Hotuba ikakatishwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita hotuba ya Mtukufu kuisha kabla ya jua kuzama, na watu walirudi majumbani bila kujua wafanye nini na mchana uliobaki.

Mtu mwenye akili za kawaida angesema mzee kavimbiwa. Lakini akili za kawaida zilishapigwa marufuku na Katiba, katika ile ibara iliyoongezwa baada ya tukio la mapera, inayosema kwamba tumbo la Mtukufu ni mali ya taifa na haliwezi kuvimbiwa kwa sababu za ndani. Kama sababu si za ndani, basi ni za nje. Kama ni za nje, basi ni sumu. Kufikia saa kumi alasiri mpishi wa Ikulu, Mzee Hamduni Chipeta, alikuwa mahabusu.

Ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito. Nyuma ya nyumba yake iliota mibarika, na kila mtu anajua mbegu za mbarika zina sumu. Ni kweli kwamba nyuma ya kila nyumba ya mtaa ule iliota mibarika, kwa kuwa inajiotea yenyewe kwenye jalala, na jalala la mtaa ule halijazolewa tangu Mtukufu alipolizindua. Lakini majirani hawakuwa wamepika mchuzi. Ilipangwa Mzee Hamduni anyongwe Ijumaa saa tatu asubuhi, na kadi za mwaliko zikachapwa siku ileile zenye maua pembeni. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba ametenda kosa, na kwa kazi hiyo nchi ile ilikuwa na maabara.

*

Maabara Kuu ya Taifa ni jengo la ghorofa tatu. Ghorofa ya juu ni ya Mkurugenzi, ambaye yuko semina. Ya kati ni ya wasaidizi wake, ambao wanamsubiri arudi kutoka semina. Chini kabisa, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya viti, ndimo walimoiweka sayansi, na sayansi yote ya nchi ile ilikuwa mtu mmoja, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na minne aliyeitwa Stamili Kiyungi.

Stamili alikuwa na barua tatu za onyo katika faili lake. Ya kwanza alipewa kwa kumsahihisha Waziri hesabu ya kujumlisha mbele ya wageni. Ya pili kwa kuandika “si kweli” pembeni mwa waraka wa serikali, kisha kuurudisha kwa njia sahihi za kiofisi. Ya tatu ni kwa kukataa kuvaa kitenge chenye picha ya Mtukufu, akieleza kwamba fundi ameikata nguo vibaya na uso wa Mtukufu umeangukia pale anapokalia. Wenzake walimwogopa kidogo. Yeye aliwachukia sana.

Hakuwa mtu wa huruma, na angekwambia hivyo mwenyewe bila kuulizwa. Alichokuwa nacho ni hasira isiyochoka dhidi ya kipimo kilichokosewa. Alikuwa na hasira hiyo asubuhi, akawa nayo mchana, akaenda nayo nyumbani na kurudi nayo kesho yake, na hiyo ndiyo iliyomweka kazini miaka kumi na tisa katika jengo ambalo wengine wote walikuwa wamekuja kusubiri pensheni.

Mashine yake ilikuwa kabati refu la chuma lenye bomba ndani yake. Wafadhili waliileta, na serikali ikaizindua mara tatu kwa kukata utepe, mara ya tatu ikiwa imewashwa. Jina lake rasmi ni Mashine ya Ukweli ya Mtukufu. Kazi yake ni kupima uzito wa chembe ndogo mno, zile molekuli ambazo ndizo zinazofanya nyama iwe nyama na sumu iwe sumu, na katika jengo lile Stamili peke yake ndiye aliyejua kwamba kitufe cha kijani si cha taa.

*

Jumatano asubuhi, kabla ya kugusa mchuzi, alikwenda mahabusu kuonana na mpishi. Hakwenda kumfariji. Alitaka kujua ndani ya sufuria mlikuwa na nini.

“Shikamoo, mzee,” alisema, akakaa na daftari lake. “Nitajie ulichoweka. Chote.”

“Marahaba, mwanangu.” Mzee Hamduni alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu mwenye vidole vilivyokatwakatwa na visu vya miaka mingi. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. “Mbuzi. Nazi nane. Vitunguu, nyanya, tangawizi, bizari, chumvi. Ndimu mwishoni, baada ya kuepua.”

“Ndimu ngapi?”

“Tatu.”

“Una uhakika tatu?”

“Mwanangu, mimi nanyongwa keshokutwa. Nikudanganye ndimu za nini?”

Stamili aliandika tatu. Alipokuwa anafunga daftari mzee alimgusa mkono, kidogo tu, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

“Hiyo mashine yako,” alisema, “inaweza kusema hakuna kitu?”

“Kama hakuna kitu, itasema hakuna kitu.”

“Na wao wanaweza kulisikia neno hilo?”

Hilo halikuwa swali la kisayansi, na Stamili akainuka, akarudi maabara.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi iliwasili Tume ya Ukweli wa Haraka. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Kanali Mstaafu Balozi Profesa wa Heshima Ludoviko Mapembe, mtu mnene aliyewahi kuongoza wizara saba na kuziacha zote zikiwa na madeni na sanamu. Alifuatana na karani wake, Bwana Zebedayo, ambaye alisifika serikalini kote kwa uaminifu mmoja: hakuandika kamwe jambo asilolielewa. Kwa sababu hiyo kumbukumbu zake za vikao zilikuwa fupi sana, na zilipendwa na wote.

“Tueleze, binti,” alisema Mheshimiwa Mapembe, akakalia kiti pekee, “na utueleze kwa lugha ya wananchi, maana sisi ni watumishi wao.”

Stamili akaonyesha kibao kidogo cha chuma chenye vidoa vyeupe vilivyokauka.

“Hapa pana mchuzi, Mheshimiwa, uliochujwa. Sumu ya mbarika ni protini, na protini ni chembe kubwa lakini dhaifu. Ili mashine iipime lazima ipae hewani ikiwa nzima. Tunaipaisha kwa leza, yaani mwanga mkali unaopiga mara moja na kukata. Sasa, leza ukiipigisha kwenye protini tupu, inasambaratika. Kwa hiyo kwanza naichanganya na asidi fulani. Zikikauka pamoja zinakuwa fuwele, kama chumvi, protini chache zikiwa katikati ya asidi nyingi. Leza ikipiga, asidi ndiyo inayokimeza kipigo. Inalipuka kuwa mvuke, inapanda na protini ikiwa nzima, na njiani inaipa chaji ya umeme.”

“Chaji ya nini?”

“Ili isukumike. Bila chaji umeme hauna pa kuishikia.”

Mheshimiwa alifikiri. “Yaani asidi inapigwa kwa niaba ya mkubwa.”

“Unaweza kusema hivyo.”

“Na mkubwa anapaa bila kuumia.”

“Ndiyo.”

“Na asidi yenyewe inapata nini?”

“Haipati kitu. Imeshatumika.”

Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu anayesomewa sera ya wizara yake mwenyewe. Zebedayo hakuwa ameandika neno hata moja.

“Endelea.”

“Zikishapata chaji zinasukumwa zote kwa nguvu moja ndani ya bomba hili. Bomba halina hewa, ili zisigongane na kitu. Mwisho wa bomba pana saa. Chembe nyepesi zinakimbia, zinafika kwanza. Nzito zinajikokota, zinafika mwisho. Kwa kuangalia imefika saa ngapi, najua ina uzito gani.”

Mheshimiwa Mapembe akainuka kitini, jambo lisilo la kawaida. Lazima ieleweke kwamba katika nchi ile, sherehe ya saa nne ina utaratibu wake. Wanafunzi hupangwa juani saa kumi na mbili asubuhi. Walimu na wauguzi hufika saa moja, madiwani saa tatu, wabunge saa tano, mawaziri saa saba, na Mtukufu hutokea saa nane na nusu, akapigiwa makofi na wale ambao hawajazimia. Mtu akifika mapema anajulikana papo hapo kuwa si kitu.

“Wepesi mwanzo, wazito mwisho,” alisema Mheshimiwa, sauti imelegea kwa mapenzi. “Mashine hii imelelewa vizuri.”

*

Stamili akawasha. Leza ikapiga mara mia mbili, pampu ikaguna, na kwenye skrini ukatokea mstari wenye vilele, virefu na vifupi, kutoka kushoto kwenda kulia.

“Hapa katikati ni protini za mbuzi,” alisema. “Hizi ndogo ni za nazi. Na huku kulia, mbali, ndiko ingekuwa sumu ya mbarika, kwa sababu ni nzito. Mtazame wenyewe. Pako tambarare.” Akaweka mstari wa pili chini ya ule wa kwanza. “Huu ni mchuzi uleule, lakini nimeutia mbegu mbili za mbarika kwa makusudi, ili tulinganishe. Mnaiona ile? Imesimama palepale inapotakiwa. Kwenye mchuzi wa mpishi haipo. Sumu hakuna, Mheshimiwa.”

Stamili aliona furaha kifuani mwake, akashangaa nayo, maana hakuizoea. Alimwona yule mzee akirudi nyumbani kwake kwenye mibarika yake.

Mheshimiwa Mapembe hakuwa anatazama kulia. Alikuwa anatazama kushoto, pale mwanzo kabisa, ambapo vilele vilisimama vimebanana na virefu kuliko vyote.

“Na hawa?”

“Hao ni asidi.”

“Wamefika kwanza.”

“Ni nyepesi.”

“Ni wengi mno. Wepesi hawapaswi kuwa warefu kuliko mgeni rasmi.” Akanyoosha mkono bila kugeuka. “Bwana Zebedayo, orodha ya mpishi.”

Zebedayo akasoma: mbuzi, nazi, vitunguu, nyanya, tangawizi, bizari, chumvi, ndimu.

“Asidi haimo,” alisema Mheshimiwa. “Labda ni ile ya ndimu?”

Hapo ndipo Stamili angeweza kunyamaza. Mtu mwingine yeyote wa jengo lile angesema labda, akaenda kunywa chai. Lakini alikuwa ameulizwa jambo la kisayansi, na jibu lilikuwa na kosa ndani yake, na kosa lile lilimwasha kama upupu.

“Hapana,” alisema. “Asidi ya ndimu haikai pale. Hii ni ya maabara. Niliiweka mimi, kwenye mchuzi, ili kuusaidia upae.”

Zebedayo akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa ameelewa. Akafungua kalamu, na chumba kizima kikasikia anavyoandika: Mimi. Niliweka. Asidi. Kwenye mchuzi.

“Wa nani?” aliuliza kwa adabu.

“Wa nani nini?”

“Mchuzi.”

Stamili aliona shimo, lakini jibu lilikuwa moja. “Wa Mtukufu,” alisema.

Zebedayo akaandika hilo pia, akapiga mstari chini yake kwa rula.

*

Usidhani Mheshimiwa Mapembe alifurahi. Alikuwa mtu wa haki, na haki inasumbuka inapopata wahalifu wawili wakati kamba ni moja. Akaamuru mashine irudie kazi bila asidi, na amri hiyo ikapewa jina, Uchunguzi Safi.

“Itavunja kila kitu,” alisema Stamili. “Nimekueleza sasa hivi. Asidi ikiondoka, kipigo chote kinaingia kwenye mchuzi wenyewe. Utapata vipande tu.”

“Hayo ni maoni, Bi Stamili. Serikali haiendeshwi kwa maoni.”

Basi akafanya. Akaweka mchuzi mtupu kwenye kibao, akaacha ukauke, akapiga. Mwanga haukupata wa kuubeba. Protini zote zile ambazo asubuhi zilipaa nzima zikapasuka na kuungua, na kwenye skrini pakaota majani mafupi yaliyokaa ovyo, bila kichwa wala miguu. Kulia hapakuwa na chochote.

Lakini wasaidizi wa Mkurugenzi, waliokuwa wameshuka ngazi kwa mara ya kwanza mwaka ule, walipiga makofi. Wakaleta rula na penseli, wakahesabu. Vilele vilikuwa mia nne na kumi na viwili.

“Mtandao,” alisema Mheshimiwa Mapembe taratibu.

“Ni vipande vya nyama ya mbuzi,” alisema Stamili.

“Adui hachagui pa kujificha.”

Mchana wote wa Alhamisi ulipita katika kuvipa vilele majina. Kila kilele kilihitaji mtu. Zebedayo alishauri waanze na watu wenye majina mafupi ili nafasi itoshe kwenye jedwali. Wasaidizi walitaja majirani waliogombana nao mipaka, mashemeji, na mwalimu mmoja aliyewahi kumfelisha msaidizi wa tatu mtihani wa jiografia. Kilele cha sabini na nane alipewa mtu aliyekufa miaka minne nyuma, na mbele ya jina lake wakaandika “mtoro”. Stamili alisimama pembeni na kuwatazama. Aliwahi kufikiri watu hawa ni wavivu tu. Sasa aliona wanaweza kufanya kazi kwa bidii sana, saa nane mfululizo, bila kuomba chai, na kwa hilo aliwachukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu maishani mwake.

Jioni Mheshimiwa aliisoma orodha akakuta ndani yake shemeji yake mwenyewe, Naibu Waziri mmoja, na mtu anayemshonea viatu. Akaikunja, akaitia mfukoni kwa matumizi ya baadaye. “Kwa kesho,” alisema, “tunahitaji mtu mmoja tu. Mmoja, na karatasi moja.”

*

Ijumaa saa moja asubuhi Stamili aliitwa ofisini kwa Mkurugenzi, kwa kuwa Mkurugenzi alikuwa semina na ofisi yake ndiyo yenye kapeti. Mezani palikuwa na karatasi mbili.

Ya kwanza ilisema: Uchunguzi wa kitaalamu umethibitisha sumu ya mbarika katika mchuzi. Chini ya mstari wa saini palikuwa pameshaandikwa cheo kipya, Naibu Mkurugenzi, na nyumba ya serikali yenye geti.

Ya pili ilisema: Mimi, Stamili Kiyungi, niliweka asidi kwenye mchuzi wa Mtukufu.

“Tia saini mojawapo,” alisema Mheshimiwa Mapembe. “Zote zimefuata utaratibu. Mimi sina upendeleo.”

Dirishani, kule uwanjani, watoto wa shule walikuwa wameshapangwa juani tangu saa kumi na mbili. Jukwaa lilifungwa vitambaa vya rangi za taifa.

Stamili aliogopa. Hakuna sababu ya kulificha hilo. Akafikiria vyumba vyake viwili na kitanda chake na kahawa yake ya asubuhi, na akajisikia anavipenda vitu vile kwa namna ambayo hakuwa amepata nafasi ya kuvipenda. Akamfikiria na yule mzee, ambaye hakuwa ndugu yake wala rafiki, aliyesema ndimu tatu. Alikuwa amehakikisha baadaye, kwa kipimo. Zilikuwa tatu.

Akavuta karatasi ya kwanza, akatoa kalamu nyekundu kwenye koti lake. Zebedayo akatabasamu. Stamili akaanza kusahihisha. “Umethibitisha” akakata. “Sumu” akakata. “Kitaalamu” akazungushia duara na kuandika pembeni: nani? Alipomaliza palikuwa na wekundu mwingi kuliko wino mweusi, na hakuna sentensi iliyobaki imesimama.

“Hii haitengenezeki,” alisema, akairudisha.

Kisha akavuta ya pili, akaisoma mara tatu. Mimi, Stamili Kiyungi. Sawa. Niliweka asidi. Sawa. Kwenye mchuzi wa Mtukufu. Alitafuta kosa kwa dhati, kama mtu anayetafuta ufunguo mlangoni huku mvua inamnyeshea, na hakulipata.

“Haina kiasi,” alisema. “Wala haisemi lini.”

“Ongeza utakavyo,” alisema Mheshimiwa kwa ukarimu. “Chini ya saini hakusomwi.”

Stamili akatia saini. Halafu akaandika chini yake, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, jina kamili la asidi, kipimo chake, tone moja la mikrolita moja, siku na saa, kwamba mchuzi ulikuwa umeshaliwa siku mbili kabla na umeletwa maabara ndani ya chupa iliyofungwa lakiri, na kwamba ndani yake hamkuwa na sumu ya aina yoyote ila sahani kumi na moja. Aliandika nusu ukurasa. Alipoinua kalamu, Zebedayo aliichukua karatasi kwa mikono miwili, akaikunja pale kwenye mstari wa saini, akaweka rula, akaipasua vizuri. Sehemu ya chini akaitia kapuni.

“Kwa nini hukuchukua ile ya kwanza?” aliuliza Mheshimiwa, kwa udadisi wa kweli. “Ilikuwa na nyumba.”

“Ilikuwa na makosa,” alisema Stamili.

*

Mzee Hamduni alitolewa kwa mlango wa nyuma saa tatu kasorobo. Hakuna aliyemwomba radhi. Walimwambia awahi jikoni, maana wageni waliokuja kumwona akinyongwa walikuwa wameshafika na itabidi wapewe chakula badala yake. Aliuliza imekuwaje. Askari aliyemfungua pingu, ambaye alikuwa na haraka, alimweleza kwamba yule mwanamke wa maabara amekiri. Mzee alisimama uani muda mrefu akiwa ameshika mikono yake, kisha akaenda akamenya vitunguu, na siku ile hakuna aliyeshangaa kuona anatokwa na machozi. Mtukufu alikula sahani tisa akasema bizari imezidi kidogo.

Stamili hakunyongwa. Sheria ya nchi ile ni kali lakini ina utaratibu, na utaratibu unasema kwamba mtu aliyekiri kuweka asidi lazima kwanza asidi hiyo ithibitishwe na Maabara Kuu ya Taifa. Maabara ilipelekewa barua. Maabara ikajibu kwamba imepokea barua. Mkurugenzi alirudi kutoka semina, akakuta hakuna anayejua kitufe cha kijani ni cha nini, akaenda semina nyingine. Hadi sasa shauri linasubiri uchunguzi, na mtu pekee wa kuufanya yuko gereza kuu, chumba cha kumi na nne, ambako ameshapewa onyo kwa kuisahihisha saa ya ukutani.

Kila Ijumaa Mzee Hamduni anatembea kutoka Ikulu hadi lango la gereza akiwa na bakuli la wali na mchuzi wa mbuzi, limefunikwa kwa kawa, bado la moto. Halimfikii. Chakula kinachotoka nje kwenda kwa mfungwa wa kosa la sumu ni lazima kipimwe maabara kwanza, kwa usalama wa mfungwa. Askari wanampa mzee risiti, wanalibandika bakuli namba, na kulipanga kwenye rafu pamoja na yale mengine, kungojea zamu. Dirisha la chumba cha kumi na nne linatazama upande huo. Saa saba mchana harufu ya nazi na tangawizi inapanda mpaka ndani, na Stamili anakaa nayo kwenye ukingo wa kitanda mpaka iishe. Kisha anakula maharage ya gereza, ambayo hayajawahi kupimwa na mtu yeyote.